Kambi ya Mgeni na Kambi ya Mkimbizi

Hapa Masisi na Walikale neno kambi limepoteza furaha yake. Mtoto wetu akilisikia, hafikirii moto wa jioni, nyimbo na usingizi chini ya nyota. Anafikiria turubai linalovuja, foleni ya maji, na mama aliyekwenda kutafuta kuni ambaye hajarudi. Hata hivyo, katika milima na misitu ya jimbo hili hili, watu wametoka nchi za mbali na kulipa fedha nyingi ili walale katika hema kwa hiari yao, wapande volkano, wawatazame gorila, kisha warudi makwao wakisimulia. Tunawaalika tutafakari pamoja juu ya kambi hizo mbili.

Tuanze kwa kukumbushana tulichopewa. Mashariki, Masisi inapakana na Mbuga ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji, ikaandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979. Kusini, misitu ya chini ya Mbuga ya Kahuzi-Biega inaingia hadi Walikale. Kuelekea kaskazini kuna Maiko, iliyotangazwa kuwa mbuga mwaka 1970. Humo wanaishi okapi, tausi wa Kongo na gorila wa Grauer, viumbe watatu ambao hawapatikani porini katika nchi nyingine yoyote. Ni wangapi miongoni mwetu wamewahi kuwaona? Okapi tunamfahamu kwa picha tu. Mtoto wa Walikale anaweza kumaliza shule ya sekondari bila kuambiwa kwamba mnyama huyo ni jirani yake.

Wageni wamemjua kabla yetu. Virunga ilipofunguliwa tena kwa watalii mwaka 2014, baada ya vita vya 2012 na 2013, walikuja kwa maelfu. Walipanda Nyiragongo kwa miguu kutoka Kibati, wakalala kileleni katika vibanda vidogo, wakitazama ziwa la moto usiku kucha. Idhini ya kuwaona gorila ilikuwa dola 400, wakati upande wa Rwanda ilifika dola 1,500 mwaka 2017. Katika safari kama hizo, mpagazi hupata mshahara, mpishi hupata kazi, mkulima wa viazi hupata mnunuzi, na mlinzi wa mbuga hupata namna ya kulisha watoto wake. Hatuwezi kudharau faida hiyo.

Lakini ilikuwa faida iliyosimama juu ya ardhi inayotetemeka. Mwezi wa Mei 2018 mlinzi kijana, Rachel Masika Baraka, aliuawa akiwalinda watalii wawili Waingereza waliotekwa nyara. Mbuga ikafungwa, ikafunguliwa tena mwaka uliofuata, ikafungwa tena Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Mwezi mmoja baadaye walinzi 12 waliuawa karibu na Rumangabo. Ndugu hao walikuwa wana wa vijiji vyetu. Mgeni hupanga safari nyingine kwenye nchi nyingine, lakini mjane wa mlinzi hubaki mahali pale pale.

Wakati huo huo kambi ya pili ilikuwa ikikua. Mwaka 2024 watu zaidi ya milioni 7 walikuwa wamehama makwao nchini mwetu, na wengi wa Masisi walikuwa wamejibanza kandokando ya Goma, kwenye mawe meusi ya volkano, mpakani mwa Virunga. Mtu aliyeacha shamba lake bila chochote hupika kwa kuni, na kuni ziko mbugani. Wanawake wengi walibakwa walipozifuata huko. Miti ikaanguka, makaa yakauzwa mjini, na wenye silaha wakatoza ushuru. Mwezi wa Februari 2025 kambi hizo zikavunjwa kwa siku chache, watu wakaambiwa warudi makwao, ingawa wengine hawakuwa na nyumba ya kurudia.

Basi, wapo wanaouliza: katika hali hii, kuzungumzia matembezi ya kuona wanyama si anasa, au hata kufuru? Tunaliheshimu swali hilo. Anayeuliza hivyo ameona maiti. Lakini tunadhani swali lenyewe limemwachia mgeni kitu ambacho ni chetu. Kufurahia uumbaji si haki ya mwenye dola peke yake. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliutaja msitu wa Kongo pamoja na ule wa Amazon kuwa mapafu ya dunia. Ni ajabu kwamba dunia inapumua kwa mapafu haya, na anayeishi ndani yake haruhusiwi hata kuketi kivulini kwa utulivu.

Wengine wanauliza kwa ukali zaidi: je, mbuga haikutunyang'anya ardhi? Nalo hili lina ukweli wake. Mbuga ya Kahuzi-Biega ilipoanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, Wabatwa waliondolewa katika misitu ya mababu zao bila kuridhia na bila fidia ya haki. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu kwamba serikali yetu ilivunja haki zao. Tume hiyo haikuona kwamba kulinda wanyama ni sababu ya kumfukuza mtu. Na matokeo yako mbele ya macho yetu. Wabatwa walioujua kila mti waliondolewa. Wakaja wachimba madini, wakala nyama ya porini, wakaja wenye bunduki. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulikadiria kwamba gorila wa Grauer walishuka kutoka karibu 16,900 hadi 3,800 katika miaka ishirini. Hesabu ya mwaka 2021, iliyofika pia maeneo yasiyofikiwa awali, ilitaja karibu 6,800. Hata tukishika hesabu hiyo kubwa, zaidi ya nusu wamekwisha. Mbuga iliyomkosa jirani yake ilimpata mwizi.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: jirani wa mbuga awe mgeni wake wa kwanza. Tusiipime amani ya Masisi na Walikale kwa mikataba iliyotiwa sahihi Doha au Washington peke yake, wala kwa ndege za watalii zitakazotua tena Goma. Tuipime kwa siku ambayo mtoto wa Nyabiondo au wa Itebero atalala usiku mmoja katika hema kwa sababu amependa, akiwa amefuatana na mwalimu wake, na asubuhi atarudi nyumbani akikuta nyumba iko.

Siku hiyo haijafika, na hatumshauri mtu yeyote aingie msituni leo. Lakini yapo mambo yasiyongoja. Katika jumuiya zetu na shule zetu, tuwafundishe watoto majina ya wanyama na miti ya kwao, tukiwaita wazee, na hasa wazee wa Kibatwa, waje kama walimu na walipwe kama walimu. Penye shamba la parokia, tupande miti ya kuni, ili mama asiifuate mbugani kwa hatari ya mwili wake. Wenye mamlaka ya mbuga, tuwaombe tangu sasa kwamba milango itakapofunguliwa, kila msimu uwe na nafasi za watoto wa vijiji vya mpakani bila malipo, na kazi za kuongoza wageni zianzie kwa waliofukuzwa. Na marafiki wetu wa mbali watakaotamani kuja, tuwaambie: njooni, mnakaribishwa, lakini ulizeni kwanza nani alilala hapa kabla yenu, na kwa nini aliondoka.

Mungu alipomweka mtu bustanini, alimpa ailime na kuitunza. Hakumweka nje ya ua ili awatazame wengine wakiingia. Tumwombe atujalie kuona siku ambayo neno kambi litarudi kuwa neno la watoto.