Injili ndani ya mashine, na bei ya sombe?

Mwaka 2023 kampuni ya Meta, wenye Facebook, ilitangaza MMS, programu za kutambua sauti katika lugha zaidi ya 1,100. Darasani tulifurahi. Wachache waliuliza sauti hizo zilitoka wapi. Nyingi zilitoka katika Agano Jipya lililosomwa na kurekodiwa kwa ajili ya uinjilisti, na mara nyingi msomaji ni mwanaume. Kabla ya hapo, mwaka 2019, mkusanyo wa JW300 ulitolewa katika tafsiri za Mashahidi wa Yehova kwa lugha zaidi ya 300. Masakhane, kundi la watafiti wa Kiafrika, waliutegemea sana, mpaka ukaondolewa kwa sababu ya hakimiliki.

Basi mmisionari wa leo, apende asipende, ndiye anayefundisha mashine lugha zetu. Simlaumu. Bila kanisa, lugha nyingi kati ya hizo zisingekuwa na hata saa moja ya sauti. Sisi wa isimu (tuseme ukweli) tulikuwa tukichora matawi ya sentensi ubaoni.

Ninalolalamikia ni lingine. Padri Gustaaf Hulstaert, aliyeishi miaka mingi kwa Wamongo, alitoa kamusi ya Lomongo mwaka 1957, na mwaka uliofuata methali zao. Naye alikuja kuhubiri, lakini ilimbidi kwanza asikilize. Rekodi ya leo inafika kijijini ndani ya kadi ya simu, inasema, haisikii. Kinachobaki katika mashine ni lugha ya mtu anayesoma polepole, bila wa kumkatiza. Mashine itajua namna ya kukemea pepo. Haitajua mama anavyopatana bei ya sombe sokoni, wala watoto wanavyotaniana, wala Kifaransa tunachokichomeka katikati ya sentensi.

Kazi nyingi za mwisho wa masomo katika fakulte yetu zinaishia kwenye orodha ya maneno. Napendekeza kila anayekwenda uwandani arudi na saa mbili za mazungumzo, ya wanawake na ya wazee pia, kwa ruhusa yao, na fakulte iyahifadhi. Simu tulizo nazo zinatosha. Tunaweza kuanza na wale wale waliosoma Injili mbele ya maikrofoni: kazi ya kurekodi wanaijua, na nyumbani kwao hawaongei kama Mtume Paulo.