TAHARIRI: Butura ya Kwenye Simu

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu wa Karagwe na Kyerwa, hakuna kati yetu asiyeijua butura. Mkulima hupungukiwa karo au fedha ya matibabu, akaiuza kahawa ingali maua; mavuno yakifika, huvuna mali ya mwingine katika shamba lake mwenyewe. Serikali imeikataza. Na Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla hayajadhihiri kufaa kwake.

Leo butura imeingia kwenye simu. Baada ya swala ya Alasiri alitujia kijana mmoja. Alikuwa amechukua Sh 200,000, fedha ya kahawa ambayo baba yake aliiuza ikiwa maua, akaiingiza katika biashara ya sarafu za kidijitali, huku akikopeshwa na wenye soko ili afanye biashara mara 20 ya mtaji wake. Kulipokucha hakuwa na kitu. Hakuuliza amekosea wapi. Aliuliza akope wapi ili arudishe. Swali hilo ndilo lililotusukuma kuandika.

Tufanye hesabu. Mara 20 ya Sh 200,000 ni Sh 4,000,000. Bei ikishuka asilimia 5 tu, hasara ni Sh 200,000, yaani mtaji wote, na mkopeshaji huifunga biashara papo hapo ili kuokoa fedha yake. Bitcoin ilikaribia dola 69,000 Novemba 2021. Novemba 2022 ilikuwa chini ya dola 16,000. Aliyenunua kwa fedha yake aliumia, lakini aliweza kungoja. Aliyekopa hakupewa nafasi hiyo. Ngao ya mwenye mtaji mdogo ni subira, na deni humvua ngao hiyo, kama linavyomvua mkulima wa butura.

Kuhusu sarafu zenyewe, wanazuoni wamehitilafiana. Dar al-Ifta ya Misri iliiharamisha Bitcoin mwanzoni mwa 2018. Wako walioiruhusu kwa masharti. Lakini kuhusu biashara ya mkopo wa namna hii, Majmaa ya Fiqhi ya Makka iliiharamisha katika kikao chake cha 18, mwaka 2006, kwa riba iliyomo na kwa kufungamanisha mkopo na udalali. Wala asidanganyike mtu kwa kuwa sheria ya fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa mali za kidijitali. Kodi si dhamana. Hakuna atakayekurudishia kilichopotea.

Basi aliyeridhika na fat'wa ya kuruhusu, na ashike nidhamu. Kwanza, asiingize fedha ya karo, ya chakula, ya deni wala ya butura. Pili, kabla ya kununua aandike hasara atakayoikubali, na isizidi asilimia 2 ya mtaji: katika Sh 200,000 ni Sh 4,000. Akipoteza hivyo mara kumi mfululizo atabakiwa na zaidi ya Sh 160,000. Anayehatarisha nusu kila mara hubakiwa na Sh 25,000 baada ya mara tatu. Tatu, akipata hasara aifunge simu siku hiyo. Kuikimbilia hasara ili kuirudisha ni tabia ya mcheza kamari, na kamari Allah ameiharamisha katika Suratul Maida.

Nanyi wenye uwezo katika jamaa zetu, kopesheni qardhi hasan msimu wa maua, ili baba asilazimike kuuza kisichoiva na mwana asijifunze kwake kukosa subira.

Kijana wetu tulimjibu: usikope. Rudi shambani na baba yako, na kahawa ijayo ingojeni iive.

Wabillahi tawfiq.