Eti tamathali za semi zinapamba lugha?

Kuna jibu moja ambalo, ningekuwa na mamlaka, ningelipiga marufuku katika mitihani yote ya Kiswahili. Jibu lenyewe ni hili: "Mwandishi ametumia tamathali za semi ili kupamba lugha."

Aliyesoma fasihi sekondari analijua. Unaulizwa kuhusu matumizi ya lugha, unataja tashibiha, sitiari, tashihisi na tafsida, unatoa mfano mmoja mmoja, kisha unamalizia na hilo la kupamba. Alama unapata. Mdogo wangu ana daftari zima la mambo hayo, limepangwa kama orodha ya bidhaa dukani. Nilipomuuliza mshairi anayemwita mtawala mamba anapamba kitu gani, alinitazama tu. Simlaumu. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Basi tumchukue huyo mamba. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?", ulioikosoa serikali ya Jomo Kenyatta. Alikaa gerezani hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga humo yalitoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki, na mojawapo linaitwa "Mamba". Askari jela akilisoma ataona habari za mnyama wa mtoni. Wasomaji wengi wanaona mtawala anayejidhani hatashindwa kamwe.

Sasa jamani, mtu aliyefungwa kwa kusema wazi, anayeandika akiwa mikononi mwa waliomfunga, ana muda wa kutafuta mapambo? Sitiari kwake ilikuwa njia ya kupitisha ukweli mbele ya mlinzi. Halafu mwaka 1974 diwani hiyo ikapata tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Kenyatta huyohuyo! Mwalimu anayetafuta mfano wa kinaya, huo hapo.

Lakini chombo kinachopitisha ukweli kinaweza pia kuufukia. Hapo ndipo inapoingia tafsida.

Tunafundishwa kuwa tafsida ni lugha ya adabu, na ni kweli. Mama kajifungua. Mzee katutoka. Mgeni kaenda haja. Kila mtu ameelewa, hakuna aliyedanganywa. Maana imefika na heshima imebaki.

Tafsida nyingine hazina hata chembe ya adabu. Ukiombwa "chai" na mtu anayelipwa mshahara kukuhudumia, hiyo si chai, ni rushwa. Na Tanzania tulifika mbali zaidi ya chai. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ukarimu wa kawaida au wa jadi wa mgombea kwa wapiga kura ukahesabiwa kuwa si kosa. Jina lake likawa takrima. Neno zuri kabisa, neno la mgeni kukaribishwa na kulishwa. Nani atasimama hadharani kupinga ukarimu? Ukisema rushwa, watu wanashtuka. Ukisema takrima, wanasogeza sahani.

Mashirika ya kutetea haki, likiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yalikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 mahakama ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vinakiuka Katiba. Hoja mojawapo ilikuwa ya wazi: mgombea mwenye fedha anaweza "kukirimu", asiye nazo hawezi, kwa hiyo hawako sawa mbele ya wapiga kura. Kati ya mwaka 2000 na hukumu hiyo nchi ilifanya uchaguzi mkuu mara mbili. Neno moja, chaguzi mbili. Mtaniambia hilo nalo ni pambo?

Sisi wa vyumba vya habari ndio tunaopaswa kuwa wakali zaidi, maana kila siku tunaletewa taarifa zenye maneno ya namna hii. Bei "imerekebishwa", kumbe imepanda. Wakazi "wamepisha mradi", kumbe wamebomolewa nyumba. Wafanyakazi "wamepunguzwa", kumbe wamefukuzwa. Mwandishi akiyanakili yalivyo, msemaji ameshinda kabla gazeti halijafika mtaani.

Najua walimu watasema mwanafunzi lazima ajue majina kwanza. Sawa. Fundi seremala naye lazima ajue msumeno ni upi na randa ni ipi. Lakini hakuna anayempa mtu cheti cha useremala kwa kutaja majina ya vifaa bila kutengeneza hata kigoda.

Pendekezo langu si la gharama. Mwanafunzi akishataja tamathali aulizwe maswali mawili. La kwanza: mwandishi angesema waziwazi, nini kingebadilika? La pili: nani ananufaika na maneno haya? Tena asiulizwe kuhusu mashairi na tamthiliya tu. Apewe na hotuba, tangazo la biashara, na hata habari ya gazetini.

Kijana akiyazoea maswali hayo, siku mgombea atakapofika kijijini na kanga na mchele akiviita upendo, hatahitaji kusubiri mahakama imwambie ile ni nini.

Au mnaonaje wadau? Na ninyi mnaokaa mbele ya ubao, nitajieni tafsida mnazozisikia huko mliko.