Kiluba si Tshiluba, na shule inaruhusiwa kukifundisha

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 1, inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Wengi walio mbali na Haut-Lomami wakisoma hapo wanafikiri Waluba wote wamekwisha kuhesabiwa. Sivyo. Tshiluba ni ya Kasai. Kiluba cha Kabondo-Dianda, Bukama na Kamina ni lugha nyingine, hata kama hizi mbili ni ndugu. Huku maji ni mema, Kasai ni mayi. Nyumba huku ni njibo, kule nzubu. Mfalme wetu ni mulopwe, wao wana mukalenge. Ukimpa mtoto wa Kabondo-Dianda kitabu cha Tshiluba, umempa lugha ya jirani.

Kiluba kimebaki basi kati ya "lugha zingine", ambazo Katiba inasema ni urithi na serikali inazilinda. Kuzilinda namna gani? Hapo inafaa kutazama inchi za wengine.

Kule Meksiko kuna Nahuatl, lugha ya Waazteki. Padri Andrés de Olmos aliandika sarufi yake mwaka 1547. Sheria ya 2003 iliipa cheo cha lugha ya taifa, pamoja na lugha zote za wenyeji. Vitabu viko, cheo kiko, lakini wanaoisema ni kama milioni 1.6 tu katika inchi ya watu zaidi ya milioni 120, na Kihispania kinazidi kuimeza. Sisi pia tuna kamusi kubwa ya Kiluba, ya Van Avermaet na Mbuya, tangu 1954. Ni mtoto gani wa shule aliyeishika mkononi?

Tamazight ya Afrika Kaskazini ilipita njia nyingine. Huko Kabylie, Algeria, watu waliandamana 1980, kisha 1994 wakasusia shule mwaka mzima. Ikawa lugha ya taifa 2002, na lugha rasmi 2016. Moroko iliiingiza shuleni 2003, miaka nane mbele ya kuipa cheo katika Katiba. Walimu bado hawatoshi, lakini mtoto anaiona ubaoni.

Siombi mtu asusie shule. Watoto wetu wamekwisha kupoteza siku nyingi za masomo. Tena hakuna haja. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu kufundisha kwa lugha za taifa au kwa lugha za mahali mtoto anapoishi. Mlango huo unatosha kwa Kiluba.

Kuna watakaosema Kiswahili kinatosha. Kinatusaidia kweli, sokoni, ndani ya treni na Lubumbashi, na mimi ninaandika kwa hicho. Lakini mtoto wa miaka sita anayetoka kijijini anafika darasani na Kiluba.

Wabunge wa jimbo wanaokaa Kamina waulizwe jambo moja: katika bajeti ijayo, wameweka pesa ngapi za kuchapa kitabu cha kusoma cha darasa la kwanza kwa Kiluba?