Mikono Tunafundishwa, Maneno Je?

Wenzangu wa kitivo wakishaona kitambaa cha hariri kikiingia ngumini mwangu na kutoka yai, huniuliza jambo moja tu: nilijifunza kwa video ipi? Wanataka jina la mwalimu, basi. Mimi naona swali hilo limeruka hatua moja. Video za kufundisha mchezo huu ni nyingi mno, kwa Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kihindi, na nyingine hazina lugha yoyote, ni muziki na vidole tu. Aliye hapa Kamina, anayehesabu mega zake kabla ya kubonyeza, hawezi kuzitazama zote. Inambidi awe na kigezo. Changu ni hiki: video isiyofundisha cha kusema haifai, hata kama mikono iliyomo ni ya ajabu.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: mchezaji huonyesha mikono mitupu na kitambaa chembamba. Hukisokomeza ngumini kidogo kidogo, hufungua, kuna yai. Watu wakiisha kushangaa husema, subirini, nitawafundisha. Analigeuza yai, kumbe lina tundu ubavuni. Ni la bandia, na kitambaa kimo ndani yake. Anarudia polepole. Sasa wote wanaijua siri, na wengine wameanza kutabasamu kwa kuona wamekuwa mafundi. Hapo ndipo anapolichukua yai, analigonga kwenye ukingo wa glasi, na ute na kiini vinamwagika. Siri waliyofundishwa haikuwa siri. Namna linavyofanyika sitaiandika, lakini tazameni mchezo umesimama juu ya nini: umesimama juu ya maelezo. Ondoa maneno, utabaki na mtu anayevunja yai.

Si mchezo wa jana. Professor Hoffmann, ambalo ni jina la kalamu la mwanasheria wa Uingereza aliyeitwa Angelo Lewis, alieleza namna ya kugeuza leso kuwa yai katika Modern Magic, kitabu cha mwaka 1876. Kabla yake Mfaransa Jean-Eugène Robert-Houdin alikwisha kusema kwamba mwanamazingaombwe ni mwigizaji anayeigiza mchawi. Walimu wa video wanaipenda sana kauli hiyo. Lakini ina sharti ambalo hawalitaji: mtazamaji awe anajua kwamba yuko kwenye maigizo. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Robert-Houdin huyo huyo Algeria, awaonyeshe watu kwamba Wafaransa wana nguvu kuliko marabuti wao. Ufundi ulikuwa ule ule wa Paris. Kilichobadilika ni kile ambacho watu walifanywa waamini wanakiona.

Na hapa kwetu? Anayefanya kitu kipotee mkononi anasimama karibu sana na neno bulozi, na neno hilo si la mzaha. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na Sheria ya Ulinzi wa Mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka kifungo kwa anayefanya hivyo. Sheria ipo. Watoto waliofukuzwa nyumbani kwa neno hilo wapo pia, na kila mmoja wetu amewahi kupita karibu nao.

Namfahamu kijana wa miaka 13, wa mtaani kwetu, aliyejifunza kupoteza kitambaa kwa video ya sekunde 40. Ilikuwa nzuri machoni: mikono safi, mwanga mzuri, hakuna anayesema neno. Aliwaonyesha wadogo zake jioni, umeme ukiwa umekatika, kwa mwanga wa simu. Mmoja wao akaamka usiku akilia. Kesho yake maswali yakaanza: nani amekufundisha, na usiku unakwendaga wapi? Mtoto hakuwa na jibu isipokuwa kuurudia mchezo, na kila alipourudia mambo yalizidi kuharibika. Alipelekwa kuombewa siku tatu. Yalikwisha kwa sababu mjomba wake, aliyefika kwa treni kutoka Lubumbashi, aliwahi kuiona michezo hiyo na akacheka mbele ya wote. Kama treni ingechelewa, kama kawaida yake, sijui yangefika wapi. Simlaumu mtoto, na mama yake simlaumu sana. Namlaumu yule mwalimu wa sekunde 40, aliyempa ufundi mkononi bila sentensi hata moja ya kuusindikiza.

Sentensi ni kazi yetu sisi wa lugha, kwa hiyo sikilizeni vitenzi. Ukisema «kitambaa kimepotea», kitambaa ndicho kinachotenda. Kimekwenda kwa nguvu zake, au kwa nguvu za mtu usiyemtaja. Ukisema «nimekipoteza», nguvu ni zako, na mbele ya watu wenye hofu hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Ukisema «nimekificha, kitafuteni», hapo pana mchezo kati yako na wao. Ni viambishi tu vinavyobadilika, pamoja na kitenzi kimoja, lakini ndivyo vinavyoamua utarudi nyumbani ukiitwa nani.

Jina la mchezo nalo lina neno la kusema. Wafaransa walitunga prestidigitation, ambayo ndani yake mna vidole vyepesi. Waswahili wa pwani wana kiinimacho, na huko jambo lote linafanyika katika jicho la anayetazama. Kwa Kiswahili chetu cha Kamina wengi husema magie tu, au bulozi, na hayo mawili hayataji vidole wala jicho. Ndiyo maana kabla ya kugusa kitambaa mimi hulitaja neno kiinimacho na kulieleza, hata kama wanaosikiliza wanaongea Kiluba nyumbani na hawajalisikia kamwe. Baadaye linanilipa: yai likivunjika husema, mlikuwa mnakitafuta kiini machoni, kumbe kimo glasini. Katika Kiingereza mzaha huo haupo, wala hakuna video itakayokupa. Vivyo hivyo «mkono mtupu haulambwi» unapoonyesha viganja. Methali hiyo ina faida nyingine ambayo mafundi wataielewa: watu wakiitikia methali, hutazama uso wako.

Sidai basi kwamba tutafute video za Kiswahili. Natafuta mwalimu anayeeleza kwa nini anasema jambo fulani wakati fulani. Akisema, sentensi hii ni ya kuvuta macho upande wa kushoto, na hii ni ya kuniongezea muda, amenipa kitu ninachoweza kukibeba kwenda lugha yoyote. Asiyeeleza hivyo, hata awe anaongea Kifaransa safi cha Paris, amenipa maneno yake tu, na vichekesho vyake vitakufa kabla ya kufika sokoni.

Kuhusu mikono nitasema machache. Video ianze na mchezo mzima mbele ya watu hai, bila kukatwa. Ikikatwa pale ngumi inapofungwa, funga nawe simu. Maelezo yapigwe picha kutoka nyuma ya bega la mwalimu, ili kulia kwake kuwe kulia kwako, maana nyingi hupigwa kutoka mbele na mwanafunzi hujikuta anajifunza kinyume. Mwalimu aseme macho yake yanatazama wapi. Aeleze pia kitambaa: hariri nyembamba, ya sentimita 30 au 45 kila upande, hubanwa ikawa kitu kidogo na ikiachiliwa hufunguka yenyewe. Nailoni huteleza na hujaza mkono. Hapa hakuna duka la vifaa hivyo, lakini katika marobota ya mtumba fulari za hariri hutokea. Ibane ngumini kabla ya kulipa. Pembe ikichungulia, iache.

Kuna rafiki yangu asiyekubaliana nami hata kidogo. Anasema uchawi unaoelezwa ni kama hadithi inayosimuliwa kuanzia mwisho, na kwamba nikitangaza mapema kuwa ni kiinimacho nimeua mshangao. Hoja yake ina nguvu kwa michezo mingi. Kwa huu wa yai haina, maana hapa maelezo yenyewe ndiyo mtego. Mtu aliyeambiwa wazi kwamba anadanganywa, akaonyeshwa namna anavyodanganywa, kisha akadanganywa bado, anashangaa mara mbili, na hana wa kumwogopa. Siku moja mama mmoja jirani, baada ya yai kuvunjika, aliniita kando:

— Papa, ile kitambala ilienda wapi?

— Iko hapa hapa, mama. Haiko bulozi, iko mikono tu.

— Mikono najua. Lakini ulituonyesha tundu!

Alikasirika kuhusu tundu. Alikuwa na haki, nilikuwa nimemdanganya, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyeshindwa katika bao. Hasira ya namna hiyo naipokea kila siku.

Rafiki huyo ananishinda mahali pamoja: video ndefu zenye maelezo mazuri hula mega. Robo saa ya maelezo si sawa na sekunde 40, na mwanafunzi mwenye faranga chache atachagua fupi. Ninachopendekeza ni tuchangishane watu watano, mmoja apakue, wengine wanakili. Nasema hivyo kwa zile ambazo wenyewe wamezitoa bure na kuruhusu zipakuliwe. Za kuuzwa tuziache, wale nao wanakula kwa kazi hiyo. Mimi ninazo tatu katika kadi ya simu, mbili za Kifaransa na moja ya Kiingereza, na nimeziandikia pembeni, kwa Kiswahili, kazi ya kila sentensi ya mwalimu. Anayezitaka aje Jumamosi mchana na kadi yake. Yai aje nalo mwenyewe.