Ualimu Si Makapi ya Ubingwa

Wapo wanaodai kwamba mtu hukimbilia ualimu baada ya kushindwa kwingine. Dai hili sisi walimu wa Kiswahili tumelizoea masikioni. Kumbe hata wachezaji wa Go wa Japani na Korea hawakusalimika nalo. Mchezaji wa kulipwa akionekana ameketi na watoto, husemwa ati nyota yake imezimika. Twakanusha.

Go huchezwa kwa vijiwe vyeupe na vyeusi juu ya ubao wenye makutano 361 ya mistari, na azingiraye eneo kubwa zaidi ndiye mshindi. (Wazee wetu wa bao wangestaajabu: kijiwe kikishawekwa hakihami tena, ila kikitekwa.)

Na tumtazame Kitani Minoru. Mwaka 1938 alimshinda Honinbo Shusai, bwana mkubwa wa zama zile, katika mchezo uliochukua takriban nusu mwaka, ambao Kawabata aliutungia riwaya. Baadaye aligombea taji la Honinbo mara tatu, akalikosa mara tatu. Hapo wapinzani wetu hushangilia: mnaona, alishindwa, akafundisha! Lakini nyumbani kwa Kitani walilelewa Otake Hideo, Ishida Yoshio, Kato Masao, Takemiya Masaki, Kobayashi Koichi, na Cho Chikun aliyeletwa kutoka Korea mwaka 1962 akiwa na umri wa miaka 6. Wanne kati ya hao walikuja kulitwaa taji lile lile alilolikosa mwalimu wao. Ishida alilipata mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka 22, na Kitani alikuwa hai bado. Alifariki mwaka 1975. Kama huko ni kushindwa, basi nani kati yetu asingekutamani?

Tena kufundisha ni kazi mbali. Katika mchezo wa mafunzo mwanafunzi hutangulizwa vijiwe, hata 9, na bingwa anayemponda kwa hila hajamfunza lolote. Yampasa acheze kwa haki, amwache akosee, kisha mchezo ukiisha waupange upya ubaoni tangu kijiwe cha kwanza, wakiulizana: hapa uliwaza nini? Swali hilo haliulizwi mashindanoni. Bingwa asiyeweza kuuliza hivyo, na abaki na vikombe vyake.

Nasi tunao wa namna hiyo. Katika nchi zetu hizi, ambako wengi hukifahamu Kiswahili darasani kabla ya kukisikia jikoni, hutokea mtu akakabidhiwa darasa kwa kuwa tu amekizaliwa. Husema vizuri mno. Akiulizwa kwa nini tunasema “kitabu changu” bali “rafiki yangu”, hujibu kwamba ndivyo isemwavyo.

Na wale wasemao kwamba ualimu ni wa waliochoka, watueleze habari za Cho Hunhyun wa Korea. Mwaka 1980 alikuwa ameyakusanya mataji yote ya nchi yake. Mwaka 1984, akiwa angali kileleni, alimchukua mtoto mdogo, Lee Changho, akamlaza na kumlisha nyumbani mwake. Mwaka 1990 mtoto huyo, akiwa na umri wa miaka 14, alimvua mwalimu wake taji la Choegowi.