Mama zangu wa Dodoma, kuna albamu zetu hatujazisikia

SEHEMU YA 1: Bibi aliyeambiwa anyamaze

 

Wiki hii nawapumzisha na uji wa lishe na kadi za kliniki. Nataka tuongee muziki. Najua kuna watakaosema nesi leo kachoka zamu. Nivumilieni posti tano tu, mtaona inavyowahusu watoto wetu.

Miezi kadhaa iliyopita tulikuwa na binti mmoja wodini, kajifungua njiti. Mtoto kafungwa kifuani, ngozi kwa ngozi, kama tunavyowafundisha wote. Mama yake mzazi alikuwa ametoka kijijini kuja kumsaidia. Usiku mtoto akawa anahangaika. Yule bibi akaanza kuimba taratibu kwa Kigogo. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ina ile mikunjo ya wazee wa huku, inapanda inashuka, unajikuta umeacha unachofanya.

Mama wa kitanda cha pili akacheka: "Jamani leo tuko kijijini!"

Binti akaona aibu. Akamwambia mama yake, "Mama, nyamaza bwana." Bibi akanyamaza. Binti akachukua simu, akafungua katuni ya Kiingereza, akaiweka karibu na sikio la mtoto wa kilo moja na nusu.

Nilimwomba aizime. Nikamwambia bibi, mama endelea, hujakosea kitu. Lakini bibi hakuimba tena usiku ule.

Hilo ndilo lililonifanya niandike.

SEHEMU YA 2: Mume wangu na rock yake

Nyumbani kwangu mwenye mambo ya muziki ni baba watoto. Yeye ni mtu wa rock. Magitaa yale ya kelele, mimi naona kama mtu anakata bati. Nilipomsimulia habari ya bibi akaniuliza, "Unamjua Peter Gabriel?"

Nikamuuliza kama anacheza Arsenal.

Kumbe ni mwanamuziki wa Uingereza, alikuwa kwenye kundi la rock la Genesis kabla ya kuanza kuimba peke yake. Mwaka 2002 alipozunguka Marekani kwenye ziara yake kubwa, kati ya watu aliowapandisha jukwaani alikuwemo Mgogo mmoja na zeze lake. Mgogo huyo ni Hukwe Zawose, mzaliwa wa hapa Dodoma.

Mama zangu, nilinyamaza. Mimi naishi mji huu, natibu watu wa mji huu. Jina la Zawose nilikuwa nalisikia kama mtu anavyosikia jina la mtaa. Albamu yake hata moja sikuwahi kuisikiliza mwanzo hadi mwisho. Mume wangu naye alikuwa amempata kwa kupitia Mzungu.

Kwa kifupi, kwa wasiomjua: miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam akapige muziki kwa niaba ya taifa. Baadaye akawa Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa ambacho leo tunakiita TaSUBa. Huko alipiga, alifundisha, akalea ukoo mzima wa wanamuziki. Alifariki Desemba 2003.

Na si yeye tu aliyesahaulika nyumbani. Dar es Salaam ya miaka ya 70 ilikuwa na bendi ya rock ya Kiafrika inaitwa Sunburst. Albamu yao Ave Africa ilirekodiwa Zambia mwaka 1976. Iliyoirudisha sokoni mwaka 2016 ni kampuni ya London, Strut. Mnaona mwenendo? Sisi tunapika, wenzetu wanatunza chungu.

SEHEMU YA 3: Hizi hapa, anza na moja

Mmeniandikia "nesi taja basi". Haya, nataja. Ni za kuanzia tu, na nyingi zinapatikana kwenye intaneti ukitafuta kwa jina.

Ya kwanza ni Tanzania Yetu, mwaka 1985. Hii waliipiga Hukwe na wenzake, ikatolewa Uingereza. Muziki mtupu wa huku kwetu: ilimba, zeze, filimbi, ngoma, njuga. Ukiisikiliza, vaa subira kidogo. Hakuna kiitikio cha kushika haraka kama Bongo Fleva. Ni kama kukaa na mzee, haanzi na habari yenyewe, anaanza na salamu.

Ya pili ni Chibite, mwaka 1996, iliyotolewa na Real World, kampuni aliyoianzisha huyo huyo Peter Gabriel. Kwa maoni yangu hii ndiyo ya kuanza nayo nyumbani. Sikilizeni ilimba. Wengi tunadhani ni vile vipande vya chuma na dole gumba tu. Kumbe fundi wa Kigogo anaweka vyuma vingine ambavyo havipigwi kabisa, vinatetema vyenyewe jirani yake akiguswa. Na kwenye tundu la ubao anabandika utando wa buibui, ndio unatoa ule mvumo kama nyuki. Mtoto wangu wa miaka mitano nilipomwambia kuna buibui ndani ya muziki, alitaka kurudia wimbo mara nne.

Ya tatu ni Assembly, mwaka 2002. Hapa Hukwe anapiga na Michael Brook, mpiga gitaa wa Canada. Ni yule aliyetengeneza gitaa ambalo sauti yake haikatiki, hata The Edge wa U2 akalitumia. Hii ndiyo ya kuwapa kina baba wanaosema muziki wa asili unawachosha. Baba watoto wangu na mimi tulipatana hapa.

Ya nne ni Uhamiaji, mwaka 2017, ya Msafiri Zawose, mtoto wa Hukwe. Ina vyombo vya asili na mitambo ya kisasa. Vijana, hii ni yenu.

Ya tano nimeiweka mwisho kwa makusudi: Maisha, mwaka 2024, ya Zawose Queens. Ni Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake. Miaka yote sauti za wanawake zilikuwepo nyuma, zinaitikia. Jina kwenye jalada lilikuwa la mwanaume. Humu wanawake wenyewe ndio wanaoongoza, wanaimba na kupiga vyombo ambavyo zamani mwanamke aliambiwa si vyake. Mama mwenye binti nyumbani, usinipinge, isikilize kwanza.

SEHEMU YA 4: "Lakini nesi, zile ngoma si ndizo tulizokataza?"

Swali hili kaniuliza mfanyakazi mwenzangu, na ni swali la haki. Silikimbii.

Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Mwanamke anaibana mapajani, anaipiga kwa mikono, na wenzake wanaimba. Ni kati ya vitu vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona hapa. Na ni kweli, muheme ulipigwa kwenye unyago wa wasichana. Na ni kweli pia kwamba huko huko wasichana walikuwa wanakeketwa.

Mimi ni nesi. Nimeshika mikono ya wanawake leba waliochanika kwenye kovu la zamani. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikuta wanawake 47 katika kila 100 wa mkoa huu, wa umri wa miaka 15 hadi 49, wamekeketwa. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha idadi imeshuka sana, lakini haijaisha, na wengine sasa wanawafanyia watoto wachanga kwa siri. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Kwa hiyo mtu asije akaniambia nasifia mila bila kujua nasema nini.

Ila nasema hivi: wembe ni kitu kimoja, ngoma ni kitu kingine. Wembe tuutupe, na anayeuficha tumripoti. Ngoma haijamkata mtu.

Tena naona tunakosea pale tunapomwambia bibi kwamba kila alichokuja nacho ni kibaya. Bibi akisikia hivyo anafunga mdomo. Akishafunga mdomo, hata kuhusu wembe hatuongei naye tena. Kwenye elimu ya afya vijijini nimeona tofauti. Ukiingia na kipaza sauti na makaratasi, kina mama wanakusikiliza kwa adabu, basi. Ukiwaomba waimbe kwanza, halafu wimbo wenyewe ukaeleza kwa nini mtoto asikatwe, wanaanza kuongea. Na anayeongea ndiye anayebadilika.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwenzangu ni hili. Muheme tuuachie nafasi yake, tuutoe kwenye kivuli cha wembe. Binti anayekua akijua ngoma ya bibi yake kama muziki, kitu cha fahari, hatahitaji kukatwa ili aambiwe yeye ni Mgogo.

Kuna lingine naambiwa, hasa na wageni waliohamia baada ya serikali kuja Dodoma mwaka 2016: "Sisi si Wagogo, ya nini?" Mama, mtoto wako amezaliwa hapa. Anakunywa maji ya hapa, anakula zabibu za hapa, mlenda ameshauzoea. Ukiwa Mhaya au Mchaga, hakuna anayekunyang'anya cha kwenu. Mfundishe cha kwenu, na cha hapa akijue. Kwani Kiingereza cha katuni ni cha kabila gani?

SEHEMU YA 5: Tufanye nini nyumbani

Sasa navaa sare yangu.

Moja. Mtoto anakusikia kabla hajazaliwa. Miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito masikio yake yanafanya kazi, na akizaliwa anaitambua sauti ya mama yake. Kwa hiyo muziki wa kwanza wa mtoto ni wewe. Imba. Hata kama huna sauti, hajui kuchambua. Albamu haiji kuchukua nafasi yako, inakuja kukukumbusha nyimbo.

Mbili. Mtoto chini ya mwaka mmoja asitazame kioo kabisa, iwe simu au TV. Wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Huo ni ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019. Mnaniuliza kila siku, nitamtulizaje sasa? Weka muziki, geuza simu kioo chini. Unaosha vyombo, yeye anacheza na vifuniko, Chibite inaimba. Hakuna kioo hapo.

Tatu. Sauti iwe ya chini. Kama lazima upaze sauti ili mtu aliye karibu yako akusikie, muziki umezidi kwa mtoto. Mtoto mchanga asivalishwe vifaa vya masikioni, na simu isiwekwe kando ya kichwa chake. Iweke mbali, juu ya kabati.

Nne. Kama bibi bado yupo, mrekodi. Hii naisisitiza kuliko zote. Simu unayo. Usimwambie "imba nikurekodi", ataona aibu. Mpe mjukuu ambembeleze, wewe mwambie unataka kuuhifadhi huo wimbo, akikubali bonyeza. Muulize wimbo unasema nini, nani alimfundisha, ulikuwa unaimbwa lini. Andika. Wale waliorekodiwa ni wachache sana. Bibi zetu wengi wanaondoka na albamu zao kichwani.

Tano. Chamwino si mbali. Kituo cha sanaa cha pale kimekuwa na tamasha la muziki wa Kigogo tangu mwaka 2009, vikundi vinatoka vijijini, wazee kwa watoto. Mkisikia limetangazwa, wapelekeni watoto. Wabebeeni maji na kofia, jua la huku mnalijua.

Nimalizie na yule binti. Siku ya ruhusa, mtoto alikuwa ameongezeka uzito vizuri. Nilimpa maelekezo yote ya kawaida, dalili za hatari, tarehe ya kurudi. Halafu nikatoa simu yangu nikamchezea kipande cha ilimba. Akasikiliza, akamgeukia mama yake: "Mama, si kama ule wa babu?"

Bibi akasema, "Babu yako alikuwa anaupiga vizuri kuliko huyo."

Binti hakuwa anajua kwamba babu yake alikuwa na ilimba. Miaka ishirini na kitu, hakujua. Niliwaacha wanasubiri bajaji nje, bibi anaeleza, binti kashika mtoto anauliza.

Jumatatu tunarudi kwenye maziwa ya mama. Wenye nyimbo za bibi, niandikieni mmejifunza nini. Usiku mwema.